Ian Murdock na Daftari la Kompyuta Yako

Mwaka jana, wiki ya kuwasilisha pendekezo la mradi, niliua kompyuta yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa laptopu ya mtumba, nimeinunua Kariakoo kwa hela ya boom, diski yake GB 128, ina Ubuntu niliyowekewa na jamaa wa chumba cha jirani. Diski ikajaa. Kila nikifungua kitu naambiwa nafasi imekwisha. Nikaanza kufagia. Kwanza niliingia kwenye mafolda ya mfumo, nikafuta kila nilichokiona kikubwa na nisichokijua. Halafu nikakumbuka kuna Python 3 iliyokuja na mfumo, na mimi nilikwishajisakinishia mpya pembeni, nikasema hii ya zamani ya nini tena. Nikaandika amri ya kuiondoa. Kompyuta ikaniletea orodha ndefu ya majina, ikaniuliza kama niendelee. Nikabonyeza Y bila kusoma. Si ndivyo tunavyofanya wote?

Nilipoizima na kuiwasha tena hapakuwa na madirisha wala aikoni. Skrini nyeusi, na mstari mmoja unaoomba jina na nywila.

Jamaa alikuja na waya wa intaneti, akakaa na ile skrini nyeusi mpaka usiku wa manane, akanirudishia madirisha yangu. Pendekezo lilikuwa salama, maana amri ile haigusi mafaili binafsi ya mtumiaji. Nikamwambia mfumo huu ni wa ovyo, unajiua wenyewe. Akacheka. Akasema mfumo ulikuuliza, ukakuandikia majina yote ya watakaoondoka, wewe ndiye uliyegoma kusoma. Kumbe eneo lote la madirisha linaitegemea ile Python niliyoiona takataka. Kompyuta ina daftari, akasema, na aliyeanza kulifungua daftari hilo alikuwa mwanachuo wa miaka 20, tena bado hajamaliza digrii. Ndipo nikaanza kumsoma Ian Murdock.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1973 katika mji wa Konstanz, iliyokuwa Ujerumani Magharibi. Wazazi wake ni Wamarekani wa jimbo la Indiana; baba yake alikuwa Ujerumani kwa utafiti baada ya shahada ya uzamivu. Familia ilirudi Marekani mwaka 1975, na miaka miwili baadaye baba akapata kazi ya kufundisha elimu ya wadudu katika Chuo Kikuu cha Purdue, kule Indiana. Wasomaji wenye wazazi wakulima huenda jina hilo wanalo nyumbani bila kujua: herufi P kwenye mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu ya kuhifadhia mahindi na maharage yasibunguliwe, ni P ya Purdue. Ian akakulia mji huohuo, na alipofika umri wa chuo akaingia hapohapo Purdue.

Mwaka 1993 Linux ilikuwa na miaka miwili tu tangu Linus Torvalds, naye mwanachuo, aitoe kule Helsinki. Lakini Linux yenyewe ni kiini tu cha mfumo. Ili mtu wa kawaida aitumie lazima apate na programu nyingine mamia: ya kusoma amri, ya kuhariri maandishi, ya kuchapisha, ya kuunganisha mtandao. Watu wakaanza kuzikusanya pamoja na kuzigawa kwa rundo la disketi. Mkusanyo uliopendwa wakati huo uliitwa SLS. Murdock akautumia, na ukamkera. Ulikuwa na kasoro nyingi na aliyeutunza hakuwahi kuzimaliza. Ubaya zaidi, ulichokisakinisha kilitawanyika: faili moja huku kwenye folda ya programu, jingine kule kwenye folda ya maktaba, jingine kwenye folda ya mipangilio, na hakuna mahali palipoandikwa vizuri lipi ni la nani. Kuingiza ilikuwa rahisi. Kutoa ndiyo kazi.

Hapa kuna jambo lililonifurahisha. Kero hiyohiyo ilimpata mwanachuo mwingine, Patrick Volkerding, katika chuo cha Moorhead, jimbo la Minnesota. Yeye alichukua SLS akaisafisha, na Julai 1993 akatoa Slackware. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 16 Agosti 1993, Murdock akatangaza kwamba yeye anaanza upya, na kwamba mkusanyo wake utaitwa Debian. Wanafunzi wawili, kero moja, ndani ya mwezi. Slackware ipo mpaka leo, na mpaka leo kifaa chake cha kusakinishia hakikufuatilii vitegemezi. Anayeitumia anatakiwa ajue mwenyewe kipi kinahitaji kipi. Wapo wanaoipenda kwa sababu hiyohiyo. Murdock akaenda njia nyingine.

Jina Debian ni la mapenzi. Mchumba wake wakati huo aliitwa Debra, yeye Ian, akaunganisha. Walikuja kuoana, wakapata watoto, na miaka ya baadaye ndoa ikavunjika. Jina likabaki kwenye mamilioni ya kompyuta. Hicho nacho ni kitegemezi ambacho hakuna amri ya kukiondoa.

Alichokitaka Murdock alikiandika katika ilani ya mradi, mwisho wa 1993 na mwanzo wa 1994. Kwa maneno yangu: kukusanya na kutunza ni kazi yenyewe, si kibarua cha kando cha mtu anayesubiri kazi ya maana. Kila programu iwe kifurushi kinachojitegemea kwa matunzo, kila kifurushi kiwe na mtu anayekiangalia na ambaye jina lake linajulikana, na kazi ifanyike hadharani badala ya kufichwa mpaka siku ya kutolewa. Mimi naona sehemu ya pili ndiyo iliyobadilisha mambo. Pale bwenini kwetu, kitanda kikivunjika kwenye chumba chenye orodha ya makabidhiano, unajua wa kumwuliza. Kikivunjika kwenye korido, kila mtu anakiruka.

Januari 1994 likatoka toleo 0.91, likiwa na kifaa kidogo cha kushughulikia vifurushi: kuweka, kutoa, basi. Kilikuwa skripti aliyoiandika Murdock mwenyewe. Yeye na wenzake wawili, Matt Welsh na Carl Streeter, wakakiandika upya kwa lugha ya Perl, na mwaka huohuo Ian mwingine, Ian Jackson, akaandika sehemu kuu kwa lugha ya C. Ndicho hicho dpkg. Murdock hakuwa wa kwanza duniani kufikiria vifurushi, mifumo ya biashara ya Unix ilikuwa na vyake. Na amri ya kusafisha ninayoitumia leo hakuiandika yeye. Ila alikiweka kifurushi kuwa msingi wa kila kitu tangu mwanzo, na waliofuata wakajenga juu yake.

Hebu tufungue hilo daftari, maana ndilo lililonipoteza. (Vifurushi hivi si vile vya bando, nisieleweke vibaya.) Kifurushi cha Debian kinakuja na mafaili yake na karatasi ya maelezo: jina, toleo, mtunzaji, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo bila hivyo hakifanyi kazi. Kikishasakinishwa, dpkg inaandika kila faili lililoingia na limewekwa wapi. Kumbukumbu zinakaa kwenye /var/lib/dpkg, na nyingi ni maandishi ya kawaida unayoweza kuyasoma kwa macho. Ukiandika dpkg -L na jina la kifurushi, unapewa mafaili yake yote. Ukiandika dpkg -S na anwani ya faili, unaambiwa ni la kifurushi gani. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuingia folda ya mfumo na kufuta kwa kukisia. Ukifuta kwa mkono, faili limeondoka lakini daftari linaendelea kusema lipo, na siku programu ikilitafuta isilipate, utahangaika kutafuta ugonjwa usiojua ulianzia wapi. Mimi yangu niliyoyafuta kwa mkono ilibidi vifurushi vyake visakinishwe tena kimojakimoja.

Kuondoa nako kuna daraja mbili, na hili wengi hatulijui. Ukisema remove, mafaili ya programu yanatoka lakini yale ya mipangilio ya mfumo mzima, yaliyoko /etc, yanaachwa makusudi. Mantiki yake ni kwamba mtu anaweza kuwa amehangaika siku mbili kuipanga seva yake. Akiiondoa kwa bahati mbaya na kuirudisha, asianze upya. Ukisema purge, na mipangilio hiyo inatoka. Waliohama chumba wakaacha pazia wanajua tofauti. Ukiandika dpkg -l utaona mistari inayoanza na herufi rc: hizo ni programu zilizoondolewa ambazo mipangilio yake bado imekaa. Mimi nilikuwa na mistari kama hiyo zaidi ya 30, ya vitu nilivyokuwa nimesahau kama viliwahi kuwepo. Purge pia ina mpaka wake. Haiingii kwenye folda yako ya nyumbani. Yaliyoko .config na .cache humo ndani ni yako, unayatoa mwenyewe, ukiwa umehakikisha programu yenyewe imekwisha kuondoka.

Halafu vile vitegemezi. Unataka programu ya kuhariri video, inakuja na maktaba 40 nyuma yake. Ukiitoa video, maktaba zinabaki zimekaa kama wageni walioletwa na mtu aliyekwisha kuondoka. Kwa miaka mingi watumiaji wa Debian waliishi na mabaki hayo. APT, iliyoingia rasmi katika toleo 2.1 la Machi 1999, iliweza kuleta vitegemezi yenyewe, ila kukumbuka kipi kililetwa kwa ajili ya nani kulikuja baadaye. Leo kila kifurushi kina alama: uliomba mwenyewe, au kililetwa kwa ajili ya kingine. Amri ya apt autoremove inaangalia vilivyoletwa, na kama hakuna tena anayevihitaji, inapendekeza vitoke, pamoja na keneli za zamani zinazojaza diski. Ukiongeza --purge na mipangilio yao inaondoka. Neno ni inapendekeza. Inakuletea orodha, nawe uisome. Ukiona humo jina la kitu unachokitumia, jibu hapana, kisha tumia apt-mark manual kuiambia hiki ni changu, nimekiomba. Na kama una wasiwasi tangu mwanzo, apt-get -s remove inakuonyesha kitakachotokea bila kugusa chochote. Ningeijua hiyo mwaka jana.

Ndugu zangu wa Windows, mnaojiona mmesalimika: huko kwenu mara nyingi kila programu huja na kiondoaji chake, kilichoandikwa na aliyeitengeneza. Akiwa mwangalifu utasafika. Asipokuwa, mabaki yake yatakaa kwenye rejista na kwenye folda ya AppData, kila mwaka yanaongezeka.

Tumrudie Murdock. Kati ya Novemba 1994 na Novemba 1995 mradi ulifadhiliwa na taasisi ya Richard Stallman, Free Software Foundation. Toleo 0.93R6 la mwishoni mwa 1995 lilifanywa na watu wapatao 60, kila mmoja na vifurushi vyake. Kumbuka huyu bado ni mwanafunzi. Ana mitihani, ana mchumba, anasoma barua za watu 60 ambao wengi wao hajawahi kuwaona uso kwa uso. Wale mliowahi kuwa CR wa darasa la watu 60 mtamwelewa.

Machi 1996 akaachia uongozi. Bruce Perens akashika, na Juni mwaka huo likatoka toleo 1.1, likiwa na vifurushi 474. Ian akamaliza shahada yake ya sayansi ya kompyuta mwaka huohuo. Hapa mimi ndipo nilipomvulia kofia. Miradi mingapi ya wanachuo tunayoijua, klabu, magazeti ya ukutani, hata programu za simu zilizoshinda mashindano, imekufa muhula uleule mwanzilishi alipomaliza? Nywila anayo yeye peke yake, hela anajua yeye, wadhamini wanampigia yeye. Akiondoka, vyote vilivyomtegemea vinatoka naye, kama madirisha yangu na ile Python. Debian iliachwa na mwanzilishi wake ikiwa na miaka miwili na nusu, na ikakua. Ilikwisha kugawanywa kwa vifurushi na kila kimoja kina mtu. Mwaka 1997 wakaandika mkataba wao na jamii, 1998 wakaandika katiba na kuanza kuchagua kiongozi kwa kura. Jina la Ian lilikuwa kwenye bango lakini si kwenye kila boriti.

Yeye aliendelea kuzungukia swali lilelile. Alianzisha kampuni ya Progeny kule Indianapolis kuwauzia wengine huduma za Linux. Ilifunga mwaka 2007. Akaongoza juhudi za kuweka kiwango kimoja ili programu iliyotengenezwa kwa Linux moja iende na kwa nyingine. Mwaka 2007 akaenda Sun Microsystems, wenye Solaris, mfumo mkongwe wenye nguvu ambao kuusakinishia vitu kulikuwa adha kwa waliozoea Debian. Akaongoza kazi ya kuupa usakinishaji wa kisasa, na akaiita Project Indiana, jina la jimbo lake. Sun ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010, naye akaondoka. Akafanya kazi ExactTarget, kampuni ya mambo ya masoko mtandaoni, na Novemba 2015 akajiunga na Docker, San Francisco.

Docker ni jibu jingine la swali la vitegemezi. Badala ya kuweka hesabu ya nani anamhitaji nani katika nyumba moja, kila programu inapewa sanduku lake na kila inachokihitaji humo humo. Hutaki tena, unatupa sanduku. Kwa nadharia ni safi kuliko yote. Kwa vitendo, waliofanya field kwenye ofisi zinazotumia Docker watakwambia picha za masanduku ya zamani zinavyokula diski kimyakimya mpaka mtu akumbuke kufanya prune.

Hakukaa hata miezi miwili. Alifariki San Francisco tarehe 28 Desemba 2015, akiwa na miaka 42. Saa zake za mwisho zilisemwa sana, na uvumi ulikuwa mwingi. Sina la kuongeza juu ya hilo, zaidi ya kwamba aliacha watoto. Mimi nilikuwa darasa la sita, sijawahi kugusa kompyuta. Toleo la 9 la Debian, lililotoka Juni 2017, lilitolewa kwa kumbukumbu yake.

Na kile kilichokuwa kwenye laptopu yangu? Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambaye naye aliwahi kutunza vifurushi ndani ya Debian. Imejengwa juu ya Debian, inatumia dpkg ileile. Jina lake hatuhitaji kutafsiriwa sana, ni ndugu wa utu wetu. Kwa hiyo njia kutoka kwa mwanafunzi wa Indiana mpaka diski yangu ya GB 128 ni fupi kuliko nilivyodhani.

Wiki iliyopita dada mmoja wa mwaka wa kwanza alileta laptopu yake chumba cha kujisomea, diski imejaa, anataka afute folda ya /usr/lib kwa sababu ni kubwa na haijui. Nikamwomba mkono wake utoke kwenye kibodi kwanza. Tukaandika apt autoremove, ikaja orodha. Akapeleka kidole kwenye Y. Nikamwambia subiri dada, tusome. Tulisoma jina moja moja, yalikuwa 52, na kwenye la 17 akasema, ehe, hiki nakitumia kwa hesabu za takwimu. Tukakitia alama. Vilivyobaki vilimpa GB 3 na kitu.